Spiningi au beitikasta? Hotuba kwa wanaovua besi wakiwa nchi kavu

(Hii ndiyo hotuba niliyotoa Jumamosi kwenye mkutano wetu wa wavuvi wa wikendi hapa Texas. Wengi mlikuwa kazini mkaomba niiweke yote, basi nimeiweka vilevile nilivyoongea, zile picha za ukutani nimeziacha.)

Wazee wangu shikamooni, akina mama shikamooni, vijana mambo vipi. Wakenya, Watanzania, ndugu zetu wa Kongo, karibuni sana, pilau mmeiona iko wapi lakini naomba ivumilie kidogo maana nikiwaruhusu sasa hivi nitabaki naongea na viti.

Nimeombwa nijibu swali moja tu, swali ambalo kwenye grupu linarudi kila wiki: ninunue rili gani ya kuvulia besi, spiningi au beitikasta? Kwa mgeni, rili ni ile mashine ya kwenye fimbo inayokunja mshipi, na besi ni samaki wa maji baridi wa huku Marekani. Na kila likiulizwa inakuwa Simba na Yanga, halafu Wakenya wanaingia inakuwa Gor na Ingwe, mwisho wa siku aliyeuliza hajajibiwa na pesa yake bado iko mfukoni. Mi nawapa msimamo wangu mapema ili asiye na subira aende zake. Ukiwa unavua umesimama nchi kavu, huna boti, na pesa yako inatosha fimbo moja ya kuvulia, nunua spiningi. Beitikasta utainunua siku utakayokuwa na kazi ya kuipa. Nimemaliza. Sasa wanaotaka kujua kwa nini, tukae.

Tuanze na zilikotoka, maana ukijua nani alizibuni utaelewa tabia zake zote. Beitikasta ni mtoto wa fundi saa. Si utani. Mwanzoni mwa miaka ya 1800 kulikuwa na bwana anaitwa George Snyder, fundi saa wa Paris, na siyo Paris ya Ufaransa, ni kamji kanaitwa Paris huko Kentucky. Huyu bwana alipenda kuvua, akachukua ujuzi wa gia za saa akautia ndani ya rili, ili ukizungusha mpini mara moja spuli, kile kigurudumu cha ndani cha kuviringia mshipi, izunguke mara kadhaa. Baada yake wakaja ndugu wawili wa Frankfort, hukohuko Kentucky, akina Meek, nao mafundi saa vilevile. Hata ile kampuni ya Sweden, Abu, iliyokuja kutoa rili za Ambassadeur miaka ya 1950 ambazo wazee wa hapa Texas bado wanazo gereji, ilianza kwa kutengeneza saa na mita za teksi. Mnaona mtiririko? Saa, saa, saa. Rili ya beitikasta ni mashine ya mtu anayependa kurekebisha vitu vidogo kwa bisibisi.

Spiningi je? Spiningi inatoka kwa watu wa nguo. Mwingereza anaitwa Alfred Illingworth, mtu wa viwanda vya sufu, alipata hati miliki yake 1905. Aliyewahi kuona kiwanda cha nguo, na hapa najua kuna wazee walifanya kazi Urafiki pale Dar na wengine Rivatex Eldoret, anajua uzi unavyotoka kwenye kibobo: kibobo kimesimama tuli, uzi unachomoka kwa kichwani. Hakizunguki kitu. Ndiyo spiningi hiyo, mwanzo mpaka mwisho.

Sasa shikeni hilo la spuli kuzunguka na spuli kusimama, kwa sababu ugomvi wote uko hapo. Tazameni mkononi kwangu, hii beitikasta. Spuli imelala kwa upana juu ya fimbo, nikirusha chambo ndicho kinachoivuta izunguke. Chambo kikitoka kina kasi, kikifika katikati hewa inakipunguza, lakini spuli haina habari, yenyewe bado inazunguka na kumwaga mshipi ambao hauna pa kwenda. Mshipi unajikunja palepale ndani ya rili, kitanzi juu ya kitanzi, na ndani ya sekunde moja umejipatia kazi ya nusu saa. Kidole gumba ndicho kinachozuia hilo, kinagusa spuli kidogo kidogo chambo kikiwa hewani halafu kinaikaba kabisa chambo kikigusa maji. Je, kidole chako kimeshajifunza? Na je, chambo chako kina uzito wa kuiamsha hiyo spuli? Maana chambo cha gramu 3 au 5 hakina ubavu huo, unarusha kwa hasira yote kinadondoka mita chache mbele yako na rili imeshavurugika. Kuanzia gramu 10 hivi, yaani aunsi tatu ya nane kwa hesabu za hapa, ndipo beitikasta ya kawaida inapoanza kuelewa unasema nini. Ziko za Kijapani zilizotengenezwa maalumu kwa vyambo vyepesi, zina spuli nyepesi sana, zinafanya kazi vizuri na bei yake pia inafanya kazi vizuri kwenye akaunti yako, tuziache.

Spiningi huna shida hiyo. Spuli imesimama, unafungua ule waya wa pembeni, unashika mshipi kwa kidole cha shahada, unarusha, unaachia. Hata chambo kikiwa chepesi vipi mshipi unachomoka wenyewe. Mtoto wa miaka minane anajifunza kabla juisi yake haijaisha.

Nikiyasema haya kuna vijana wananiambia mzee, mbona kwenye video mabingwa wote wanatumia beitikasta? Swali zuri. Sasa na mimi nawauliza: yule bingwa amesimama wapi? Amesimama kwenye boti! Nyuma yake hakuna mti, hakuna uzio, hakuna familia inachoma nyama. Miguuni ana fimbo kumi na kitu zimelala, kila moja imefungwa chambo chake, na ukiangalia vizuri mbili tatu kati ya hizo ni spiningi, ila kamera haikai hapo sana kwa sababu kuvua taratibu hakuuzi tangazo. Wewe una fimbo moja, begi mgongoni, na mbu.

Shemeji yangu yuko hapa, ameniruhusu nimseme, si ndiyo shemeji? Haya. Shemeji aliona video, akanunua beitikasta nzuri tu, akaja nayo kwenye lile bwawa la mtaani kwao, mnalijua, lenye miti ya mierebi pande zote. Alfajiri, upepo unampiga usoni, chambo kimnyoo cha mpira kisicho na kizito. Akarudisha fimbo nyuma ya kichwa arushe, ndoana ikashika tawi. Akachomoa. Akarusha tena kwa ubavu safari hii, upepo ukakisimamisha chambo hewani, spuli ikaendelea na safari yake, mnajua kilichotokea. Akakaa chini kwenye majani anavuta kitanzi kimoja kimoja kwa ncha ya ndoana, na muda huohuo babu mmoja wa Kimarekani na mjukuu wake, spiningi ya kwenye pakiti ya plastiki, wanatoa besi mita ishirini kutoka alipokaa. Shemeji alirudi nyumbani hajaongea na mtu. Lakini sikilizeni kwa makini: rili yake haikuwa mbovu, na wala yeye siyo mjinga. Vitu vitatu vilikutana, mti nyuma, upepo mbele, chambo chepesi mkononi, na kila kimoja kati ya hivyo kinaipinga beitikasta. Kwa aliyesimama nchi kavu hivyo vitatu vinakutana karibu kila siku.

Na kuna hili la umbali. Watu wananiuliza ipi inarusha mbali zaidi. Unataka mbali kwa nini? Besi wakubwa wanakuja wenyewe pembeni, hapa Texas kuanzia Februari mpaka Mei maji yakifika kama nyuzi 60 za Farenhaiti wanasogea kwenye maji ya kina kifupi kutaga, na msimu huo mtu wa nchi kavu hana cha kumuonea wivu mwenye boti. Mtu anafika ziwani, anasimama ukingoni kabisa, anakanyaga kwa kishindo, anarusha katikati ya ziwa kwa nguvu zote, na samaki alikuwa chini ya viatu vyake! Simama nyuma hatua chache. Rusha sambamba na ukingo, kushoto kwanza, kulia baadaye, chambo kitembee kando ya majani muda wote kinaporudi badala ya kupita kwenye samaki mara moja tu. Kwa kazi hiyo unahitaji kurusha mita kumi na tano kwa usahihi, chini ya matawi, kwa kupinda mkono kutoka chini kwenda juu. Spiningi inarusha namna hiyo bila kulalamika.

Basi mtaniuliza, hiyo beitikasta tuitupe? Hapana! Nilisema mpe kazi. Sasa nawaambia kazi yake.

Kuna mama yetu mmoja wa Bukavu, leo yuko zamu hospitali hajafika, wengi mnamjua kwa kofia yake. Mama huyu anavua kiangazi tu, kwenye majani. Mnajua Julai maziwa ya huku yanavyofunikwa majani pembeni mpaka unafikiri unaweza kutembea juu yake. Wengine tukiyaona tunahama, yeye ndo anakaa. Ana beitikasta, fimbo ya futi saba na kitu, ngumu, mshipi wa kusuka wa pauni 50, yaani unaohimili uzito huo, na chura wa mpira ambaye ndoana zake mbili zimelala mgongoni ili zisishike majani. Anamrusha chura juu ya majani, anamtikisa, anamuacha. Anamtikisa, anamuacha. Mara majani yanapasuka kwa chini, pwaaa, na hapo ndipo vijana wote wanavuta haraka na kumnyang'anya samaki chura mdomoni. Yeye havuti. Anasubiri mpaka asikie uzito, anainamisha fimbo, anakaza mshipi, halafu anapiga kwa mwili mzima. Ndoana ikishamkita samaki hamchezeshi hata kidogo, anazungusha tu, kichwa cha besi kimeelekea juu, na kinachofika ukingoni ni furushi la majani lenye uzito wa beseni la nguo, analipasua kwa mikono na ndani yake kuna samaki.

Jaribu hivyo na spiningi yako yenye mshipi wa pauni 10. Utamkita, ndiyo, halafu atazama kwenye majani atafunga mshipi kwenye shina na mtaagana. Nimeona hilo likimtokea mtu pembeni ya mama huyohuyo, kiangazi hichohicho. Kwenye beitikasta spuli inavuta mshipi moja kwa moja, hakuna kona, ina nguvu ya kuburuta, inabeba mshipi mnene bila shida. Kwenye spiningi mshipi unapinda kona pale kwenye kijigurudumu kabla ya kuingia kwenye spuli, nguvu inapotea hapo. Kwa hiyo chura kwenye majani, vyambo vizito vya gramu 14 na kuendelea, zile za bati zinazozunguka na kumeta, zile zenye mdomo wa plastiki za kugonga mawe ya ukuta wa bwawa, hizo kazi mpe beitikasta. Unarusha na kuvuta, kurusha na kuvuta siku nzima, na kidole gumba kikishazoea kinakushushia chambo pale pale ulipoangalia, taratibu, bila kishindo majini. Hapo nakiri raha yake hakuna rili nyingine inayoitoa.

Na msidhani ni mambo ya kisasa. Rekodi ya dunia ya besi, pauni 22 na aunsi 4, aliiweka George Perry kule Georgia tarehe 2 Juni 1932, wakati ambapo spiningi Marekani hata haijaenea, zilikuja kujaa baada ya vita, za Kifaransa akina Mitchell na wenzao. Imekaa mpaka 2009 ndipo Manabu Kurita akaifikia kwenye ziwa Biwa huko Japani. Nayasema haya kwa wale wanaofikiri samaki anasoma jina la rili.

Anayeamua kununua beitikasta, ukitoka nayo dukani usiende ziwani. Nenda kwenye nyasi. Funga kizito cha plastiki kisicho na ndoana, elekeza fimbo mbele, bonyeza kitufe uachie. Kizito kishuke polepole, na kikigusa chini spuli isimame palepale. Kikidondoka kwa kasi na spuli ikaendelea, kaza kile kinobu kidogo kilicho upande wa mpini. Halafu breki za upande wa pili, ziwe za sumaku au za kusukumwa nje na mzunguko, anza nazo juu kabisa kisha uzishushe siku zinavyokwenda. Na jamani, mpini wa beitikasta haubadilishiki upande! Spiningi unauchomoa unahamisha kushoto au kulia, beitikasta ukinunua ya kulia ni ya kulia mpaka kufa, kwa hiyo anayeagiza mtandaoni asome mara mbili kabla hajabonyeza.

Spiningi nayo ina dhambi zake, nisije nikaitwa wakala. Inasokota mshipi. Watu wengi wanarusha halafu wanazungusha mpini ili ule waya ujifunge wenyewe, tak! Funga kwa mkono. Kwa mkono, kwa mkono, kwa mkono, kisha vuta mshipi kidogo ukaze kabla ya kuzungusha. Usijaze spuli mpaka ukingoni, acha kama milimita 3. Na samaki akiwa anavuta mshipi kwenda zake usizungushe mpini, kila mzunguko hapo ni msokoto, tulia, dragi, ile breki inayoachia mshipi samaki akivuta, ifanye kazi. Ukiyafuata hayo matatu nusu ya malalamiko ya kwenye grupu yanaisha.

Kwa anayetaka orodha ya dukani, naisema haraka: fimbo ya futi sita na nusu mpaka saba, ugumu wa kati, rili ya saizi namba 2500 au 3000, mshipi wa kusuka pauni 10 mpaka 15, mbele yake kipande cha fluorokaboni, mshipi usioonekana kirahisi majini, cha pauni 8 au 10. Basi. Afadhali uongeze pesa kwenye rili yenye dragi laini kuliko kwenye boksi la vyambo vya rangi zote.

Kuna kaka wa Nakuru aliniuliza kabla hatujaanza, na ninapoenda nyumbani nibebe ipi? Kwa wasiojua, besi huyuhuyu yuko Naivasha. Alipelekwa kutoka huku Marekani 1929, na kamba wa Louisiana, wale wekundu wa maji baridi, wakapelekwa 1970 wakawa chakula chake kikubwa. Yaani Naivasha unaweza kumvua Mmarekani anayekula Mmarekani. Bebeni spiningi. Fimbo inakatika vipande viwili inaingia kwenye sanduku, na ikiharibika utapata wa kuitengeneza kirahisi kuliko kumtafuta mtu wa breki za sumaku. Na kule ukingoni mkumbuke viboko, alfajiri na jioni wanatoka kula, msiende wenyewe bila mwenyeji.

Ya mwisho ni ya sheria halafu nawaachia. Hapa Texas kuanzia miaka 17 unatakiwa leseni ya kuvua, ila ukiwa ndani ya hifadhi ya jimbo, zile stati paki, unavua ukiwa ukingoni bila leseni, kwa hiyo mgeni akija kukutembelea mpeleke huko. Maziwa mengi besi ni watano kwa siku na asipungue inchi 14, lakini baadhi yana sheria yake, Lake Fork kwa mfano aliye kati ya inchi 16 na 24 anarudi majini. Someni kibao mnapoingia. Mtu wa mamlaka akikufuata hakuulizi unatoka nchi gani, anakuuliza leseni na anapima samaki.

Haya. Spiningi ziko meza ya kushoto, akina mama na watoto waanzie hapo, kuna vijana wawili watawashika mkono. Wenye beitikasta mnifuate kwenye nyasi, vizito vya plastiki nimeshafunga, simameni mkiachana hatua kumi kumi na hakuna kurusha mpaka niseme. Shemeji, njoo, wewe ndo unaanza.